Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyesimulia

Katika saloni ya nkambo wangu, huko Katuba, kuna msumari ukutani usioshika kitu. Uko juu ya kiti cha marehemu mume wake, kati ya picha ya arusi na kalenda ya kanisa. Nilipokuwa mtoto msumari huo ulishika tablo ndogo: mtu mwembamba mwenye miwani, amevaa singleti nyeupe, mikono imefungwa nyuma, askari wamemzunguka, na nyuma yao ndege imesimama. Sikujua mtu yule ni nani. Nilijua tu kwamba usiku, taa ikiwaka, nilipenda kukaa pale ambapo hanitazami.

Nilikuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi, mtu mmoja akapita mtaani akiuliza nyumba kwa nyumba nani ana tablo za zamani. Baba mdogo aliishusha, wakapatana bei barazani, na tablo ikaondoka ikiwa imeviringishwa ndani ya gazeti. Fedha zile zililipa minervali yangu. Ndiyo sababu sijawahi kuwa na kinywa cha kulalamika.

Miaka ikapita. Nilipoingia chuo kikuu, katika somo la fasihi simulizi, nilisikia kwa mara ya kwanza jina la Tshibumba Kanda-Matulu, na mwalimu akatuonyesha picha za kazi zake. Nilishtuka: singleti ile, askari wale, ndege ile. Jumapili iliyofuata nilikwenda Katuba kuuliza kama pembeni ya tablo yetu kulikuwa na jina. Hakuna aliyekumbuka. Basi nikaanza kumtafuta mtu mwenyewe, na hapa nasimulia maisha yake kwa kadiri nilivyoyafuata.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji huu wetu, wakati ukiitwa bado Elisabethville. Mji ulikuwa haujafikisha hata miaka 40, kwa kuwa Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Jamaa zake walikuwa wa asili ya Kasai, kama maelfu ya watu walioletwa Katanga kufanya kazi katika migodi ya Union Minière na katika reli. Watoto wa watu hao walikua kati ya lugha nyingi: Tshiluba nyumbani, Kiswahili njiani na sokoni, Kifaransa shuleni. Nawaomba wasomaji wa kitivo chetu waishike habari hiyo, maana bila lugha hizo Tshibumba haeleweki.

Utoto wake uliangukia kwenye miaka mizito. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, alikuwa mvulana wa miaka 13 hivi. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na mji wake ukawa mji mkuu wa nchi ambayo hakuna serikali ya kigeni iliyoitambua. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa kwa ndege hadi uwanja wa Luano pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku uleule wote watatu wakauawa porini, mbali kidogo na mji. Mwaka uleule maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walikimbia nyumba zao wakajazana katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Kujitenga kukaisha Januari 1963. Kijana aliyepitia hayo hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba historia huingia hadi ndani ya nyumba.

Uchoraji hakuusomea shuleni. Mjini kulikuwa na mapokeo mengine ya sanaa: mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, na humo wakatoka wachoraji mashuhuri kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Samaki wao, ndege wao na wanyama wao walipendwa sana na wanunuzi wa Kizungu. Tshibumba alikuwa wa kundi jingine, la wachoraji wa mitaani waliojifunza kwa kutazama na kwa kujaribu. Hawa walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Kitambaa kilipakwa kwanza rangi nyeupe ili kishike, kisha kikachorwa kwa rangi za dukani. Tablo zao zilikuwa ndogo, za kubebwa kwapani, kwa sababu mchoraji mwenyewe ndiye aliyekuwa duka: alikwenda mlango kwa mlango, katika miji ya migodi, akionyesha alichonacho.

Wateja wao hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, makarani, walimu, wachuuzi. Watu wenye saloni yenye viti vinne na ukuta mtupu. Walichotaka kutoka kwa mchoraji kilikuwa na jina la Kiswahili: ukumbusho. Tablo ilipaswa kumkumbusha mtu jambo na kumfanya alizungumze. Watu waligawanya mambo hayo katika mafungu matatu: vitu vya mababu, yaani vijiji na watemi wa kale, vitu vya zamani, yaani mambo ya wakati wa Mbelgiji, hasa ile picha ya mfungwa anayepigwa fimbo huku mkubwa wa Kizungu akitazama, na vitu vya sasa, yaani maisha ya mjini. Mgeni akiingia, akiinua macho na kuuliza, mwenye nyumba alikuwa na la kusema. Tablo isiyoleta mazungumzo ilikuwa imeshindwa kazi yake.

Tshibumba alichora aina zote hizo, kwa kuwa alitaka kula kama mtu yeyote. Lakini alikuwa na hamu nyingine iliyomtofautisha na wenzake: alijihesabu kuwa mwanahistoria. Hakutaka kuuza kipande kimoja huku na kipande kingine kule. Alitaka kuichora historia yote ya nchi, kutoka mwanzo wake hadi siku yake, kwa mpangilio. Kazi ya namna hiyo haiwezi kununuliwa na karani mmoja mwenye ukuta mmoja.

Nafasi ilikuja mwaka 1973. Wakati huo kampasi ya Lubumbashi ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mageuzi ya mwaka 1971 yalikuwa yameleta hapa masomo ya lugha na ya jamii. V. Y. Mudimbe alikuwa miongoni mwa walimu. Mwingine alikuwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, ambaye pamoja na mkewe Ilona Szombati alikuwa akichunguza uchoraji wa mitaani. Tshibumba alifika nyumbani kwao kama alivyofika kwa wengine, tablo mkononi, kutafuta mnunuzi. Akakuta mtu anayenunua na pia anayeuliza maswali kwa Kiswahili. Hapo akaeleza mpango wake, na Fabian akakubali kuichukua kazi yote.

Katika mwaka huo na mwaka 1974 Tshibumba alichora bila kupumzika. Alileta tablo kwa mafungu, akazipanga kwa kufuatana, kisha kinasa sauti kikawashwa naye akasimulia, moja baada ya nyingine. Baadaye wawili hao walirudi juu ya kila moja wakaijadili. Katika kitabu kilichotoka mwishowe zimo tablo 101. Zinaanza na mababu na falme zao. Anafika Mreno Diogo Cão kwa mfalme wa Kongo. Wanapita Livingstone na Stanley. Msiri anauawa kwake Bunkeya, Desemba 1891. Inakuja serikali ya Wabelgiji, kodi, migodi, fimbo. Inakuja Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Tshibumba alikuwa hajazaliwa; aliipata habari hiyo palepale tulipoipata sisi, kwa wazee. Kisha uhuru, kisha Lumumba, kisha vita, kisha Mobutu. Mwishoni alithubutu kuchora hata siku zijazo.

Lumumba alimrudia mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Alimchora akihutubia, akikamatwa, akishushwa kutoka ndege. Katika mchoro mmoja maarufu amelala maiti, na kwenye upeo wa macho inasimama misalaba mitatu. Mkristo yeyote wa Lubumbashi anasoma picha hiyo bila mwalimu. Watu watatu waliuawa usiku ule, na mchoraji alijua hesabu yake.

Tukumbuke pia alichora wakati gani. Chama kilikuwa kimoja, kiongozi mmoja, na Lumumba alikuwa ametangazwa shujaa wa taifa na serikali ileile ya mtu aliyehusika na kukamatwa kwake. Katika nchi hiyo, mtu mwenye kalamu alijichunga. Tshibumba naye alijichunga: aliweka sifa za mkubwa mahali zinapotakiwa, na akaacha mchoro useme lile ambalo mdomo ungelilipia. Lakini alisema mengi kwa mdomo pia, na hapo ndipo lugha inapoingia.

Chini au ndani ya michoro yake Tshibumba aliandika Kifaransa. Ni Kifaransa cha mtu aliyekaa shuleni kwa muda, chenye tahajia yake mwenyewe, na kilikuwa pale kwa heshima, kama mtu anavyovaa koti kwenda ofisini. Lakini alipofungua kinywa kueleza, alisema Kiswahili, na siyo kile cha vitabu vya pwani. Ni Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kinachochanganya Kifaransa katikati ya sentensi bila kuomba ruhusa, lugha ambayo baadhi yetu tulifundishwa kuionea haya. Kwa lugha hiyo alijenga historia ya taifa zima, akapima ushahidi, akabisha, akalinganisha. Si yeye wa kwanza: mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa ajili ya chama cha maboi wa zamani, kwa Kiswahili hichohicho. Kwa hiyo anayesema kwamba lugha yetu inafaa sokoni tu hajawasoma watu hawa wawili.

Hapa niingize jambo nililojifunza mbali na Katanga, kwa sababu ndilo lililonifumbua macho. Katika kozi ya hadithi fupi za Kizungu tulisoma juu ya majarida ya London ya mwisho wa karne ya 19. Mwaka uleule wa 1891 alipouawa Msiri, jarida liitwalo The Strand Magazine lilianza kuchapisha hadithi fupi za Arthur Conan Doyle juu ya mpelelezi Sherlock Holmes, na Sidney Paget ndiye aliyezichorea. Kabla ya kufa mwaka 1908 alizichorea hadithi hizo michoro zaidi ya 350. Wasomaji waliona nakala tu zilizopigwa chapa. Mchoro wenyewe, ule wa mkono, ulikuwa kifaa cha kazi. Chapa ikishatoka haukuwa na thamani kubwa, na mingi ikapotea. Leo ile michache iliyobaki inawindwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi.

Nilipolisikia hilo nilifikiria msumari wa Katuba. Kule London mambo yalikuwa kinyume na kwetu. Mchoro ulipotea, lakini hadithi ilibaki katika maelfu ya nakala, na mwenye kuokota mchoro wa Paget leo anaweza kufungua jarida akajua mara moja mtu yule mwenye bastola ni nani na kwa nini ameshtuka. Kwa Tshibumba hakukuwa na jarida. Ukurasa wa hadithi ulikuwa kinywa cha mchoraji, na baada yake kinywa cha mwenye nyumba. Tablo inaweza kuvuka bahari ndani ya gazeti. Maneno yake hayaviringishwi pamoja nayo.

Kuna tofauti nyingine. Mchoro wa jarida ni mmoja, nakala ni nyingi. Tshibumba hakuwa na mtambo wa chapa. Mteja akitaka Lumumba ashuke tena kutoka ndege, mchoraji aliketi akamchora tena, kwa mkono uleule, na kila mara kitu kilibadilika: askari mmoja zaidi, wingu, rangi ya shati. Kwa hiyo ukiuliza ipi ni ya asili, jibu ni kwamba kila moja ni ya asili, kwa nyumba iliyoinunua. Wengine walikusanya kazi zake pia. Bogumil Jewsiewicki, mwanahistoria aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi, alikusanya michoro mingi ya mijini, na mwaka 1999 aliandaa huko New York maonyesho juu ya Lumumba katika sanaa ya mjini, ambamo kazi za Tshibumba zilikuwa na nafasi kubwa.

Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Fabian aliondoka Lubumbashi mwaka 1974, na miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Zairianisation, iliyotangazwa Novemba 1973, ilivuruga biashara. Bei ya shaba ikaanguka. Mwaka 1977 na 1978 vita viliingia Shaba, na Kolwezi ikalia. Wazungu waliokuwa wakinunua waliondoka wengi, na mfanyakazi ambaye mshahara wake hautoshi unga hanunui tablo. Tshibumba aliendelea kuchora na kutafuta wateja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na umri wa miaka 34 hivi, alitoweka. Habari zake hazikusikika tena, na tangu hapo anahesabiwa miongoni mwa marehemu. Hana kaburi ambalo wanafunzi wanaweza kwenda kuweka maua.

Kitabu cha Fabian kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza, na michoro yote imo pamoja na masimulizi yake yaliyotafsiriwa. Tablo zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Ni rahisi kukasirika hapa, na nilikasirika. Mtoto wa Lubumbashi anahitaji viza ili aone historia yake iliyochorwa juu ya mifuko ya unga wa nyumbani. Lakini hasira yangu ilipopoa niliona jambo la pili. Katika mamia ya tablo zilizouzwa mitaani kwetu, zile zilizokwenda na maneno yake ni hizo. Sauti ilinaswa, ikaandikwa, na maandishi ya Kiswahili chake yamewekwa kwenye intaneti, mahali ambapo hata mimi, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nimeyasoma usiku hadi betri ikaisha. Tablo ya Katuba haikwenda Amsterdam, na haikubaki Katuba. Haikupotea kwa sababu iliuzwa. Ilipotea kwa sababu siku ilipouzwa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuiuliza.

Basi mwezi uliopita nilirudi kwa nkambo. Sikumuuliza tena habari za jina pembeni. Niliweka simu mezani, nikamwomba anisimulie tablo kana kwamba bado iko ukutani. Alicheka kwanza, akasema kitu hakipo. Kisha akaugeukia ule msumari, akaanza upande wa kushoto. Alitaja askari mmoja mmoja. Alitaja rangi ya udongo. Alinisahihisha: pembeni kabisa, chini, kulikuwa na mtu mdogo mwenye baisikeli, ambaye mimi sikumkumbuka hata kidogo. Mume wake alikuwa akiwaonyesha wageni mtu huyo na kuwaambia kwamba ni yeye. Jioni ile ya Januari 1961 alikuwa akirudi kutoka kazini kwa baisikeli, magari ya askari yakampita kwa kasi, akaingia mtaroni. Hakujua wamembeba nani mpaka wiki kadhaa baadaye, kifo kilipotangazwa. Tangu siku hiyo hakupenda kusikia gari likija nyuma yake.

Nilikuwa nimeishi na tablo ile miaka tisa, na sikujua kwamba babu yangu yumo ndani.

Kama mchoraji wetu alikuwa Tshibumba au mwenzake mmojawapo, hilo sasa nimeliachia wataalamu wa soko. Nina dakika 40 za sauti ya nkambo, na nimeanza kuziandika neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile alichokisema, bila kukinyoosha. Namwomba kila mwanafunzi wa kitivo hiki anayesoma haya afanye jambo moja likizo hii. Aangalie ukuta wa nyumbani kwao. Kama kuna tablo, au hata msumari tu, akae chini na mzee aliyebaki, amwulize, na awashe simu kabla hajajibu.